Namna ya Kupima Maneno ya Barazani Kuhusu Kripto na Vita Kabla ya Kugusa Fedha Zako

Vita vinapozuka katika nchi za mbali, mazungumzo ya barazani hapa Lamu hayakawii kugeukia fedha. Mmoja husema bitkoini, sarafu ya mtandaoni isiyo ya benki wala nchi yoyote, sasa itapanda kwa sababu watu wataikimbilia, mwingine husema dola imefika mwisho wake, wa tatu husema kripto yote, yaani bitkoini na sarafu nyingine za mtandaoni, ni fedha ya magaidi na mwenye kuigusa atakamatwa, na wa nne, ambaye aghalabu ni kijana mwenye simu mkononi, ameshanunua tayari. Maoni hayo hutolewa kwa uhakika ule ule, ingawa kila moja linahusu jambo lake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapima moja baada ya jingine, ili mwenye nyumba ya wageni Shela, nahodha wa jahazi, mama mwenye duka la nguo Langoni au mwanafunzi anayetumiwa ada na ndugu aliye ughaibuni aamue kwa ushahidi. Mtu ana haki ya kuwa na msimamo mkali juu ya vita vya Gaza, vya Sudan au vya Ukraine, na wengi wetu tunao, lakini msimamo huo usimchagulie mahali pa kuweka ada ya mtoto.

Kabla ya kubishana, fahamu dai linahusu nini

Madai mengi ya barazani huangukia katika mafungu manne: bei ya sarafu wakati wa vita, uwezo wa kutuma fedha bila kuzuiwa, sheria ya nchi, na uhalali wa dini. Mtu akichanganya mafungu mawili katika sentensi moja, hutaweza kumkubali wala kumpinga, kwa hiyo muulize kwanza. Ukiwa mdogo kwa umri, uliza kwa adabu: "Ami, samahani, unaposema kripto haishikiki, unakusudia bei yake haianguki, au unakusudia serikali haiwezi kuizuia?" Akijibu, "Nakusudia yote mawili, mwanangu," umekwisha kupata faida, kwa maana sasa una madai mawili yanayopimwa kwa vipimo viwili tofauti. Wazee wa Lamu hawachukii swali lililoulizwa kwa heshima. Kinachowachukiza ni kijana anayewakatiza kwa picha ya chati aliyotumiwa na mtu asiyemjua.

Dai la bei

Hili ndilo dai linalosikika zaidi, na ndilo rahisi kulipima, kwa sababu tarehe za vita zinajulikana na bei za siku hizo zimehifadhiwa. Chukua tukio, andika siku na saa yake, kisha tazama bei ilivyokuwa saa chache kabla, saa chache baada, wiki moja baada na miezi minne baada. Usiridhike na kipimo kimoja, kwa kuwa kila muda una hadithi yake.

Tuanze na Urusi ilipoivamia Ukraine, Februari 24, 2022. Siku hiyo bitkoini ilishuka chini ya dola 35,000. Kufikia Machi 1 ilikuwa imepanda na kupita dola 43,000, na waliokuwa wakisema vita huipandisha walijiona wameshinda. Lakini Juni mwaka huo huo ilianguka chini ya dola 20,000, na sababu kubwa za anguko hilo hazikuwa vita: benki kuu ya Marekani ilikuwa ikipandisha riba, na mwezi Mei sarafu iliyoitwa TerraUSD, ambayo wenyewe walidai thamani yake haitaondoka kwenye dola moja, ilikuwa imeporomoka na kuteketeza akiba za watu duniani kote. Aliyenunua mwanzoni mwa Machi kwa sababu ya vita alipoteza zaidi ya nusu ya fedha zake kwa sababu zisizohusu vita.

Mfano wa pili ni wa Aprili 13, 2024, Jumamosi iliyofuata Idd el-Fitr, wakati mabaraza ya Lamu huwa yamejaa watu hadi usiku mkubwa. Ilipokaribia saa tano za usiku kwa saa zetu, habari zilienea kwamba Iran imerusha droni kuelekea Israel. Bitkoini, iliyokuwa juu ya dola 67,000 siku hiyo, iliporomoka hadi karibu na dola 61,000 kabla ya kuinuka tena. Mfano wa tatu ni wa Juni 22, 2025, Jumapili, baada ya Marekani kushambulia vituo vya nyuklia vya Iran: bei ilishuka chini ya dola 100,000, kisha siku mbili baadaye, habari za kusitishwa kwa mapigano zilipotangazwa, ikarudi juu ya dola 105,000. Aliyeuza kwa hofu Jumapili jioni na kununua tena Jumanne alilipa gharama ya hofu yake mara mbili, ukijumlisha ada za soko.

Inafaa kufahamu sababu ya mwenendo huu, maana anayejua sababu hatikiswi na kila habari. Masoko ya hisa hufungwa mwisho wa wiki, lakini soko la kripto halilali, kwa hiyo habari mbaya ikija Jumamosi usiku, wenye fedha nyingi walio na hofu huuza kile kinachouzika saa hiyo. Isitoshe, wapo wanaobahatisha kwa fedha za kukopa ndani ya soko lenyewe. Bei ikishuka kidogo, soko huiuza mali yao kwa lazima, na mauzo hayo huisukuma bei chini zaidi. Ndiyo maana katika saa za kwanza za vita bitkoini huenda pamoja na hisa, ilhali dhahabu, ambayo mama zetu wameiweka kwenye bangili na vipuli kwa vizazi, mara nyingi huinuka. Kwa hiyo dai kwamba bitkoini ni kimbilio la haraka siku ya vita halina ushahidi katika mifano hii mitatu. Dai kwamba katika miaka mingi imepanda sana ni kweli, lakini hilo ni jambo jingine, na mwenye kulitumia kuunga mkono la kwanza anakupotosha, hata kama hakukusudia.

Kutokana na hayo, kanuni ninayoishauri ni hii: fedha yenye siku yake isiwekwe katika sarafu ambayo bei yake hupanda na kushuka. Ada ya Januari, kodi ya mwisho wa mwezi, fedha ya kupaka jahazi rangi na kutia kalafati kabla ya kusi kutulia, gharama za harusi iliyokwisha kutangazwa, zote hizo zina siku. Anayetaka kununua bitkoini kwa matumaini ya miaka ijayo na anunue kwa fedha isiyo na siku, na asinunue usiku wa habari.

Dai la kwamba haizuiliki

Hapa ni lazima utofautishe aina za sarafu, jambo ambalo barazani husahaulika. Bitkoini, iliyoanza Januari 2009 na ambayo idadi yake haitapita milioni 21, haina ofisi inayoitoa. Ukiwa na funguo zako mwenyewe, yaani maneno ya siri yanayokuruhusu kuitumia, hakuna karani wa kumpigia simu akuzuilie. USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola ya Marekani na ambayo ndiyo wageni na ndugu wengi huitumia kutuma fedha, ina kampuni inayoitoa, iitwayo Tether, na kampuni hiyo inaweza kuizuia anwani yoyote ya USDT, yaani namba ambayo sarafu hupokelewa na kutumwa kwayo, isitume tena. Hilo limetendeka mara nyingi. Machi 2025 ilizuia USDT zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 25 za soko la Kirusi la Garantex, lililokuwa chini ya vikwazo vya Marekani tangu Aprili 2022. Kwa hiyo anayesema kripto haiguswi na siasa za vita anasema neno lenye ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mtu wa kawaida, kwa maana wengi hapa wanashika USDT.

Swali la pili la kuuliza ni nani anashika funguo. Mtu aliyefungua akaunti katika soko la mtandaoni na kuacha sarafu zake humo hana funguo. Ana ahadi ya soko tu. Juni 18, 2025, katikati ya vita vya Israel na Iran, wadukuzi waliojiita Gonjeshke Darande walivamia Nobitex, soko kubwa kuliko yote nchini Iran, wakachukua sarafu za thamani ya takriban dola milioni 90 na kuzituma katika anwani ambazo hakuna anayeweza kuzifungua. Hawakutaka kuzitumia, walitaka zipotee. Miezi michache kabla ya hapo, Februari 21, 2025, soko la Bybit lilikuwa limeibiwa takriban dola bilioni 1.5, na shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likaitaja Korea Kaskazini kuwa ndiyo iliyohusika. Masoko ya kripto yamekuwa uwanja wa vita wenyewe, na mteja mdogo wa Lamu hana sababu ya kuhifadhi akiba yake uwanjani. Ukipokea sarafu, zitoe sokoni siku hiyo hiyo, ama kwa kuziuza upate shilingi, ama kwa kuzihamishia katika pochi, yaani programu ya kushikia funguo zako mwenyewe, ambayo maneno yake ya siri, 12 au 24, umeyaandika kwa kalamu kwenye karatasi na kuyaweka mahali pakavu. Usiyapige picha. Usimtumie mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa soko.

Kupokea na kuuza bila kuibiwa

Tuseme mgeni aliyelala kwako siku nne anataka kulipa kwa USDT kwa sababu benki ya kwao imezuia malipo ya nje kutokana na vikwazo vya vita. Kwanza, kubalianeni bei kwa shilingi, kisha muigeuze kwa bei ya saa ile ya malipo. Pili, muulize atatuma kupitia mtandao gani wa kripto, maana USDT hupita katika mitandao zaidi ya mmoja. Anwani za mtandao wa Tron huanza na herufi T, na za Ethereum huanza na 0x, na sarafu iliyotumwa kwa mtandao usiokubaliwa na pochi yako huenda usiipate tena. Tatu, mtumie anwani kwa kuinakili, kisha linganisheni herufi za mwanzo na za mwisho kwa macho, kwa sababu zipo programu hasidi zinazobadilisha anwani iliyonakiliwa kabla haijabandikwa. Nne, atume kiasi kidogo kwanza, na kikifika ndipo atume kilichobaki.

Hatari kubwa haiko hapo. Iko katika kuuza USDT hiyo kwa mtu mwingine ili upate M-Pesa, kwenye masoko ya mtu kwa mtu. Soko hushikilia sarafu zako kama dhamana, mnunuzi hutuma shilingi, nawe ukithibitisha umepokea, sarafu huachiwa. Wezi hucheza na hatua hiyo ya uthibitisho. Utaona ujumbe wenye maneno yale yale ya M-Pesa, namba ya muamala, jina na kiasi, hata salio jipya limeandikwa. Lakini ukitazama juu ya ujumbe, mtumaji ni namba ya simu ya kawaida, na wala si MPESA, na salio lililoandikwa halilingani na ulichokuwa nacho. Usithibitishe kwa kusoma ujumbe. Fungua programu ya M-Pesa au piga *334#, tazama salio lenyewe, kisha ndipo uachie. Mnunuzi akikuharakisha kwa kusema ana mgonjwa hospitalini au boti inaondoka, chelewa zaidi.

Jina la aliyetuma fedha lazima liwe ndilo jina la mwenye akaunti sokoni. Likiwa jingine, kuna uwezekano mkubwa kwamba fedha hizo zimeibwa kwa mtu wa tatu, ambaye atalalamika, na laini yako ndiyo itakayofungwa na wewe ndiye utakayeitwa kituoni. Katika hali hiyo usiachie sarafu. Fungua malalamiko ndani ya soko lenyewe, ueleze, na usubiri. Vilevile usikubali kutoka nje ya soko na kuuziana kwa WhatsApp ili kuokoa ada ndogo, wala kukutana na mtu usiyemjua jetini Mokowe akiwa na bahasha. Kumbuka pia kwamba M-Pesa haipokei zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo anayedai ametuma 400,000 kwa mara moja ameshajifichua.

Michango ya vita

Hapa ndipo moyo huenda mbele ya akili, na ninaliandika kwa uzito kwa sababu watu wa Lamu ni wepisi wa kutoa. Kutuma kripto kwa upande wa vita si jambo geni. Februari 26, 2022 serikali ya Ukraine yenyewe ilichapisha anwani za kupokea michango na kukusanya makumi ya mamilioni ya dola. Wezi nao walichapisha anwani zao siku hizo hizo, na wamefanya hivyo kwa Gaza na kwa Sudan. Picha ya mtoto aliyejeruhiwa ikiwa na anwani ya bitkoini chini yake si ushahidi kwamba fedha zitamfikia.

Lipo pia la sheria. Watu huamini kripto haina majina, kwa hiyo haifuatiliki. Ukweli ni kwamba daftari la bitkoini liko wazi kwa kila mtu, kila muamala umo humo milele, na wachunguzi huunganisha anwani na majina kupitia masoko yanayodai kitambulisho. Aprili 2023 tawi la kijeshi la Hamas lilitangaza kuacha kupokea bitkoini, likieleza kwamba linahofia usalama wa wachangiaji. Nchini Kenya, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 inaadhibu kugharimia ugaidi, na sisi wa pwani hii, tulioshuhudia mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 na ya Manda Bay Januari 2020, tunajua jinsi jicho la usalama linavyoitazama kaunti yetu. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha kwa pamoja, na familia zisizo na hatia zikakosa matumizi. Tangu Februari 2024 Kenya imo katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, shirika la kimataifa linalosimamia vita dhidi ya utakatishaji fedha. Ukitaka kuwasaidia walio vitani, toa kwa shirika la misaada lililosajiliwa, kupitia tovuti ambayo wewe mwenyewe umeiandika anwani yake badala ya kufuata kiungo ulichotumiwa, na uweke risiti.

Sheria, kodi na dini

Anayesema kripto ni haramu kisheria nchini Kenya amepitwa na wakati. Benki Kuu ilitoa onyo kuhusu bitkoini Desemba 2015, na onyo hilo bado lina maana kwa anayepoteza fedha, lakini Oktoba 2025 Rais alitia saini Sheria ya Watoa Huduma za Mali Pepe, yaani mali za kidijitali kama kripto, inayozipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni na kusimamia kampuni hizi. Anayekushawishi ujiunge na kampuni yake muulize leseni, kisha uitafute kwa taasisi hizo mbili na usitosheke na karatasi anayokuonyesha. Ile kodi ya asilimia 3 iliyowekwa mwaka 2023 iliondolewa kwa Sheria ya Fedha ya 2025, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma. Kipato cha nyumba ya wageni, hata kikilipwa kwa USDT, ni kipato.

Kuhusu dini, wanachuoni hawakuafikiana. Mufti wa Misri aliikataza bitkoini Januari 2018, baraza la maulamaa la Indonesia lilikataza matumizi ya kripto kama fedha Novemba 2021, na baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya Malaysia liliruhusu biashara ya mali za kidijitali mwaka 2020. Unapomwendea sheikh wako, usimuulize "kripto halali?" Mweleze ni sarafu gani, unaipokea kama malipo au unaibahatisha, na kama unakopa ndani ya soko. Jibu la swali pana halitakufaa.

Siku intaneti inapokatika

Februari 2024 nyaya tatu za intaneti ziliharibika chini ya Bahari ya Shamu, na inaaminika zilikatwa na nanga ya meli Rubymar iliyokuwa imepigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Mei mwaka huo hitilafu nyingine ya nyaya ilipunguza kasi ya intaneti Afrika Mashariki. Kukatika kwa zile nyaya za Bahari ya Shamu ni njia moja ambayo vita vya mbali vinafika hadi kwenye pochi yako bila kupitia bei. Anayeishi kisiwani na awe daima na shilingi taslimu za kumtosha wiki moja, za chakula, dawa na nauli ya boti hadi Mokowe.

Ukiwa umeshaibiwa

Usifute chochote. Piga picha ya mazungumzo, ya anwani uliyotuma na ya namba ya muamala, andika saa, kisha toa taarifa kwa soko ulilotumia ili lizuie akaunti ya mwizi kama bado ina kitu. Ikiwa ulituma M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala huo kwenye 456 mara moja ili uombe urejeshwe, maana kila dakika fedha inaweza kutolewa kwa wakala. Baada ya hapo nenda kituo cha polisi ukaandikishe taarifa na uchukue namba yake, kwani soko halitatoa majina ya mteja wake bila hiyo. Katika siku zitakazofuata utatafutwa na watu watakaodai wanaweza kuzirejesha sarafu zako kwa malipo ya awali. Usiwalipe hata shilingi, na namba zao ziongeze kwenye taarifa ile ile uliyoandikisha kituoni.